KIWANDA CHA KIPUNGU: FUNDO LILILORUDI

Wiki nzima umelala na lile fundo kichwani, msomaji, na Evaline naye hajalala vizuri kuliko wewe. Bado amepiga magoti mkekani, uani kwa mama yake, pale Murusi, Kasulu. Mbele yake kuna kipande cha bawa la droni, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kimeungua upande mmoja. Nyaya zimechomoza kwenye ncha yake. Zimefungwa pamoja kwa uzi wa nta, na uzi umemaliziwa kwa fundo.

Fundo la nyumba yao.

"Dada Eva, sema basi!" Nadège alimsimamia kichwani. "Weye njo unatumika kule kiwanda ya droni. Hii kitu inatoka kwenu ao haitoke kwenu?"

Nadège ni Mkongo wa kambi ya Nyarugusu. Anauza vitenge na mawese siku za soko, na urafiki wake na Evaline ulianzia kwenye kubishania bei. Mwanamke aliyekuja naye, aliyekaa ukutani na kujikunyata, ni Jeanne, mjane wa kaka yake. Huyu amevuka ziwa juzijuzi tu. Alikuja na mtoto mgongoni, na ndani ya furushi la nguo za mtoto alikuwa amefunga kipande hiki.

"Mwambie, Jeanne," Nadège alisema. "Mwambie namna ilikuwa."

"Ilikuya saa ya soko," Jeanne alisema, macho ameyainamisha. "Hatukuiona. Tulisikia tu inalia juu, sawa nyuki. Bwana yangu alikuwa anapima muhogo. Kisha soko haikuwa tena."

Hasira ilimpanda Evaline kutoka miguuni. Kwanza haikuwa na jina wala anwani. Baadaye ikapata vyote viwili: Nathaniel, Meneja Mkuu, Kiwanda cha Kipungu.

Kama wewe ni mgeni wa kisa hiki, sikiliza. Kipungu ni kiwanda cha droni. Kilianza katika ghala bovu la kahawa hapa Kasulu, popo wakiwa bado kwenye paa. Nathaniel, kijana wa Buhigwe aliyesoma uhandisi ng'ambo, alirudi na wazo. Droni ina nyaya nyingi zinazopita ndani ya mabawa, na nyaya hizo hufungwa kwa uzi, fungu kwa fungu, kwa vidole vyenye subira. Akajiuliza, vidole hivyo viko wapi? Akaenda kuwatafuta wanawake wasuka vikapu.

Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa huu wa Mama Odilia, mama yake Evaline.

Bibi huyu alimtengea mtungi wa pombe ya ndizi na mirija miwili. Wakanyonya pamoja. Kwa Waha, mkishanyonya mtungi mmoja, neno ulilolitoa hapo limekwisha kuwa deni la roho. Hakuna anayekuomba usaini kitu.

"Mama," Nathaniel alisema siku hiyo, mrija ukiwa mkononi, "ndege zangu hazina jino. Zitalinda pori dhidi ya majangili. Zitapeleka damu kwenye zahanati za mbali. Nipe binti zako."

Akapewa. Evaline kwanza, halafu mdogo wake Esteri. Evaline akaenda hadi kanisani, akasimama baada ya ibada, akawaita wake za watu na binti za watu: njooni, kazi ipo, ni kazi safi. Walimfuata kwa sababu ni yeye aliyesema.

Kiwandani walifundishwa kukata uzi na kuweka tone la gundi. Basi. Lakini mtu aliyesuka vikapu tangu utotoni ana jinsi yake ya kumalizia ukingo, aliyorithishwa na mama yake, na vidole havisikilizi semina. Wakati akili ikiwaza mboga za jioni, vidole vilifunga fundo la nyumbani. Wasimamizi, na baadaye Evaline mwenyewe alipopandishwa kuwa mmoja wao, waliona linashika vizuri, wakaliacha. Hivyo ndivyo fundo la Odilia lilivyopanda ndege, likavuka ziwa.

"Ni letu," Evaline alisema mwishowe. "Linatoka kwetu. Nimelifunga mimi, Nadège. Kwa mkono huu."

Nadège alimtazama kama mtu anayemtafuta rafiki yake ndani ya uso wa mtu mwingine. "Ulituambia njo avio, ndege ya kuchunga pori. Miye niliwaambia batu kule kambini, rafiki yangu hawezi kudanganya."

"Sikudanganya! Nilidanganywa!"

"Kaka yangu atajua tofauti gani?"

Hapo mlango wa jikoni ulilia. Mama Odilia alitoka, akipapasa ukuta kwa sababu macho yake yamefifia. Alikuwa amesikia yote.

"Nipeni hicho," alisema.

Alikaa, akakiweka kipande magotini, akapitisha kidole juu ya fundo. Akapitisha tena. Uso ukamkunjamana.

"Mawe wee! Evaline, hili si lako."

"Mama, si unaona ni..."

"Sioni, nashika. Wewe unarudisha uzi kulia. Huu umerudishwa kushoto." Aliinua uso. "Nani nyumbani humu alinisumbua utoto mzima kwa kushikia sindano mkono wa kushoto?"

Jibu Evaline alilijua. Esteri. Kitinda mimba. Mtoto ambaye Evaline alimshika mkono, akampeleka getini kwa Kipungu, akasema, huyu ni mdogo wangu, namdhamini.

Sasa elewa kinachomtesa Evaline, maana kuanzia hapa hana shida nyingine. Akinyamaza, ndege zitaendelea kuruka na masoko yataendelea kuungua. Akisema, watatafuta mkono uliofunga, na mkono huo ni wa mdogo wake. Kila mfanyakazi wa Kipungu ameapishwa kutunza siri, na anayeivunja ana kesi ya kumpeleka Bangwe, gerezani.

"Jumamosi wanafungua kiwanda kipya Kibondo," Nadège alisema. "Kwaya yetu imealikwa kuimba. Kampuni ndiyo imetuombea vibali vya kutoka kambini. Nitasimama pale, nitasema."

"Ukisema wewe watakuondoa kabla hujamaliza, na kipande kitapotea," Evaline alisema. "Nitasema mimi. Nimepangiwa kumkabidhi Nathaniel zawadi kwa niaba ya wafanyakazi. Na nitasema fundo ni langu."

"Utafungwa, mwana wanje," Mama Odilia alisema.

"Basi nifungwe mimi. Esteri asijue kitu. Mama, unanisikia? Asijue."

Mama Odilia hakuitikia. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kikapu chake cha mfuniko, kile kirefu cha kupelekea unga wa ulezi kwenye sherehe. Aliweka kipande chini, akamimina unga juu yake, akafunika.

"Kikapu cha zawadi hakifunuliwi njiani," alisema. "Anayekifunua ni aliyepewa. Mlinzi wa Kiha hatathubutu. Na huyo mwana wa Buhigwe hatathubutu kukikataa mbele ya watu."

*

Jumamosi asubuhi kosta za kampuni ziliwabeba wanawake wa Kasulu, sare za bluu zikinukia pasi. Makere ikapita, Busunzu ikapita. Nyuma waliimba, mbele walipakana mafuta ya mikono. Evaline alikaa dirishani, kikapu mapajani. Esteri alikaa pembeni yake, kimya, mtu ambaye kwa kawaida humnyamazishi hata kwa hongo.

Evaline alimsogelea sikioni. "Tukifika Kifura, shuka. Sema tumbo linakuuma. Panda gari la kurudi."

"Kwa nini?"

"Fanya ninavyokuambia."

Esteri alitabasamu bila furaha. "Ni kwa sababu ya hicho kilichomo kwenye unga?"

Evaline alikibana kikapu mapajani.

"Mama aliniambia jioni ileile," Esteri alisema. "Ulipokwenda kuwasindikiza wageni. Alinipa nikishike. Dada, nimekishika kwa mkono uleule."

"Basi shuka! Nitasema ni langu. Nimeshaamua."

"Sishuki."

"Esteri, mimi ndiye niliyekuingiza."

"Na mimi ndiye niliyefunga." Alitazama vidole vyake. "Dada, unajua Kibondo watatengeneza nini? Mabawa yanabaki Kasulu. Matumbo yanabaki Kasulu. Kibondo ni mahali pa kuzivisha meno. Nimeona ndoano zinazowekwa chini ya tumbo. Niliuliza ni za nini, wakaniambia mizigo ya zahanati. Nikacheka, nikaamini. Ndoano ya chuma kizito vile, kubebea chupa ya damu!"

Gari lilipanda mlima, watu wakaitikia kiitikio.

"Leo usikae karibu na njia ya kurukia," Esteri alisema baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kaa kwenye maturubai na watu wengine."

Evaline alidhani ni maneno ya mtu aliyevurugwa. Laiti angeuliza!

*

Kiwanda kipya kiko kando ya barabara iendayo Nduta. Mwaka juzi palikuwa na mihogo ya watu. Leo kuna uzio mrefu, mabanda ya bati jipya yanayoumiza macho, na njia ya kurukia iliyonyooka kuelekea porini. Kipungu kimenenepa, hilo huwezi kulibishia. Kutoka ghala la popo hadi mji mdogo wenye jenereta zake. Swali ni kimekula nini.

Getini mlinzi aliweka mkono juu ya kikapu.

"Kuna nini humu, dada?"

"Zawadi ya Meneja. Imetoka kwa mama yangu, Odilia wa Murusi."

Mlinzi aliuondoa mkono kama aliyegusa chungu cha moto. "Mpe mama pole na kazi."

Chini ya turubai kubwa walikaa waheshimiwa, maji ya chupa mbele yao. Kwaya ya Nyarugusu ilisimama upande, vitenge vya rangi moja. Nadège alikuwa mstari wa mbele. Jeanne alikuwa nyuma yake. Hakuwa mwimbaji, lakini Nadège alikataa kumwacha peke yake kambini.

Nathaniel alishika kipaza sauti. Suti ya kijivu, kicheko cha karibu, na salamu ya Kiha kwa kina mama: "Mwidiwe!" Wakamwitikia kwa shangwe. Ana kipaji, mtu huyu. Angeweza kumuuzia chura maji.

"Tulianza na wasuka vikapu," alisema. "Watu walitucheka. Leo Kipungu kinauza nje ya nchi! Wanunuzi wako kwenye foleni! Kiwanda hiki kitakuwa mara tatu ya kile cha Kasulu, na mwakani tunapanua tena. Nani alijua kuwa uchumi wa anga ungezaliwa kwenye vidole vya mama zetu wa Kiha?"

Vigelegele. Vigelegele vile vilitoka kwa wanawake walioitwa na Evaline.

"Sasa mtazame wenyewe kazi ya mikono yenu!"

Mwisho wa njia ya kurukia kitu cheusi kilianza kukimbia. Kikanyanyuka, kikapinda juu ya miti, kikaanza kulia.

Kama nyuki.

Katika mstari wa kwaya Jeanne alianguka. Hakuzirai. Alijitupa chini kifudifudi, akafunika kichwa kwa mikono, magoti akayavuta tumboni. Hakupiga kelele hata kidogo.

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, na mimi ninayekusimulia sitawafichia. Wengine walitoa simu kumpiga picha. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema.

Nathaniel naye alicheka, kwa upole wa kwenye kipaza sauti. "Inuka, mama, usiogope! Ndege hii haina jino."

Maneno yaleyale. Aliyoyasema na mrija mkononi, uani kwa Mama Odilia.

Evaline hakungoja jina lake liitwe. Alipita katikati ya viti, akakanyaga miguu ya waheshimiwa bila kuomba radhi, akamfikia Nathaniel, akamsukumia kikapu kifuani.

"Zawadi ya mama yangu," alisema, kipaza sauti kikamsikia. "Uliyenyonya naye mtungi. Funua."

"Ratiba inasema baada ya..."

"Funua!"

Kina mama waliinua shingo. Kukataa kikapu mbele yao ni kumtukana mzee, na Nathaniel ni mtoto wa huku, anajua. Alifunua. Akaingiza mkono kwenye unga, akitabasamu. Tabasamu lilikufa kabla mkono haujatoka.

Kipande cheusi kilitokea, unga ukidondoka.

"Kimetoka sokoni, Kongo," Evaline alisema. Akamnyooshea Jeanne kidole. "Huyo unayemwambia inuka, mume wake aliuawa na hiki. Tazameni fundo, kina mama! Nani asiyelijua fundo la Odilia? Ndege hazina jino, ulisema. Kwenye mtungi wa mama yangu, Nathaniel!"

Sasa amekwisha, Evaline alifikiri.

Ole wake! Nathaniel alikigeuza kipande mkononi, akaurudisha uso wake wa kawaida. Akakiinua juu ili wote waone.

"Mmeona?" alisema kwa huzuni. "Mmeona, ndugu zangu? Wafanyakazi wetu wote wamefundishwa kukata uzi na kuweka gundi. Fundo hili si utaratibu wa Kipungu. Kuna mtu alifunga anavyotaka, bawa likashindwa, ndege ikaanguka mahali isipotakiwa. Hii ni hujuma! Kumbe muuaji wa mume wa mama huyu yuko humu ndani, amevaa sare yetu!"

Mnong'ono ulizagaa kama moto wa kiangazi. Wanawake wa bluu wakatazamana.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Evaline alicheka, kicheko kikavu.

"Kwa hiyo ni yenu."

"Nini?"

"Miaka yote unasema hamjauza hata moja Kongo. Sasa umekiri mbele ya watu wote. Ndege ni yenu, imekwenda vitani, imeua. Asante. Na mwenye fundo ni mimi. Niitieni polisi."

Nathaniel aliweka kipaza sauti chini, akamwinamia karibu, na Kiha chake chote kitamu kikamwishia.

"Wewe hujashika uzi tangu nikupe usimamizi, Evaline. Na mimi ninawajua watu wangu. Fundo hili limerudi kushoto." Macho yake yaliwapita wanawake mmoja mmoja. "Walinzi! Mleteni Esteri."

Evaline alimkamata koti. "Mwache! Mwache mdogo wangu, nitasema unachotaka!"

Hapakuwa na haja ya walinzi. Esteri alikuwa ameshaondoka kwenye turubai. Alikuwa amesimama wazi juani, kichwa ameinua, anaitazama ile droni. Ilikuwa imeacha njia yake juu ya pori. Ilikuwa inapinda, inarudi, inashuka, inawajia.

"Mbona inakuja huku?" Esteri aliuliza. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyekamatwa. "Meneja, mbona inakuja kwenye watu?"

"Inapita juu ya wageni, ni maonyesho! Jibu ulichoulizwa! Hili fundo ni la nani?"

"Langu." Hakumtazama. "Lote ni langu. Na hii ya leo niliifunga mimi, jana. Irudisheni! Mwambie anayeiendesha airudishe porini!"

"Esteri," Evaline alisema, na lile neno la kwenye gari likamrudia kwa ukamilifu: usikae karibu na njia ya kurukia, kaa kwenye maturubai. "Esteri, umefanya nini?"

Mdogo wake aligeuka. Alikuwa analia.

"Mazoezini huwa inapita porini tu, dada. Nilitaka ianguke huko, mbele ya wanunuzi wao, wasiitake tena. Sikujua wataileta juu ya watu." Alinyoosha mkono wake wa kushoto, vidole vimefunguka, vitupu. "Kwenye hii sikumalizia fundo."

Juu yao mlio ulikatika. Ukarudi. Ukakatika tena.

Waheshimiwa walikuwa bado wamekaa. Wanawake wa bluu walikuwa wamesimama, nyuso juu, simu mikononi. Katika uwanja ule wote, aliyekuwa amelala chini na kufunika kichwa alikuwa Jeanne peke yake.